Shajara ya mradi: viazi, chumvi na osmosisi, kidato cha pili Kunduchi

Wazo lenyewe

Nafundisha baiolojia kidato cha pili, shule ya kutwa huku Kunduchi, darasa lina watoto themanini na kitu, na kila mwaka nikifika kwenye topiki ya usafirishaji wa vitu kwenye viumbe hai nakutana na jambo lilelile. Muulize mtoto osmosisi ni nini (yaani maji kupita kwenye utando mwembamba wa seli kuelekea penye chumvi au sukari nyingi zaidi), atakushushia maelezo ya kwenye notsi neno kwa neno bila kumeza mate. Muulize haya sasa, nikitumbukiza kiazi kwenye maji ya chumvi kitafanyaje, anakukodolea macho. Au anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba chumvi itaingia ndani na kiazi kitavimba. Na ukimsikiliza vizuri mtoto ana hoja, maana kwao viazi vikichemshwa na chumvi vinakolea mpaka ndani, sasa kama haiingii imefikaje huko?

Mwaka huu nimegeuza mpangilio. Hakuna notsi kwanza, hakuna mchoro ubaoni, wanakata viazi kwa mikono yao na kila mmoja anaandika kwenye daftari anachodhani kitatokea kabla hajakiona. Naandika hapa kadiri tunavyoenda ili mwalimu mwingine akitaka kufanya asianze moja.

Jumamosi, jikoni kwangu

Praktiko usiyoijaribu nyumbani itakuumbua mbele ya watu themanini, kwa hiyo nimeanza na kujaribu mwenyewe. Vifaa karibu vyote ni vya dukani tu. Viazi mviringo vikubwa nimechukua kwa kijana anayekaanga chipsi pale kituoni, kaniuzia na ushauri juu, "chukua hivi vigumu dada, hivyo vingine vimeshalala." Chumvi, vikombe vya plastiki vya kuona ndani, rula, kisu, tishu. Cha kuhangaikia ni mzani, nimepata wa dijitali wa jikoni Kariakoo ila unasoma gramu nzima nzima, hauna nukta, na kipande cha kiazi cha sentimita 5 kwa 1 kwa 1 kina gramu 5 na ushee, kikipungua nusu gramu mzani hauna habari. Dawa yake ni kupima vipande vinne kwa mpigo.

Mchanganyiko nimeutengeneza kwenye chupa tupu za maji za nusu lita. A maji matupu, B nusu kijiko cha chai cha chumvi, C kijiko kimoja, D vijiko vitatu. Kijiko cha chai ukikisawazisha kwa kisu kinabeba kama gramu 6, kwa hiyo B inakuja gramu 6 kwa lita, C 12, D 36, na hiyo D nimeichagua makusudi kabisa kwa sababu maji ya bahari yana gramu kama 35 kwa lita, na watoto wa Kunduchi bahari wanaijua kuliko wanavyoijua maabara.

Menya maganda yote, hili msilidharau. Ganda la kiazi limeumbwa kuzuia maji yasitoke, ukiacha hata kipande upande mmoja vipimo vinakuwa vya ajabu ajabu. Na ukitoa kipande kwenye maji kikaushe kwa tishu kabla ya kupima, kila kipande kwa namna ileile, usibane kimoja ukakipapasa kingine.

Baada ya masaa kadhaa vile vya A vimekakamaa, ukikunja kimoja kinavunjika kwa sauti, ka! Vya D vinapinda nusu duara na havivunjiki, ukiviachia vinabaki vimelegea hivyohivyo. Mume wangu kapita kauliza hivi ndio chakula cha usiku.

Jumatatu asubuhi

Vipindi viwili vimeungana, dakika 80. Kwanza ubashiri. Nikachora vikombe vinne ubaoni, nikasema andika, kisha nyoosha mkono. Kwa D mikono ya "kitavimba" ilikuwa msitu, na kijana mmoja wa dawati la nyuma akatoa sababu, "Madam, si kimeongezewa kitu? Kitu kikiongezewa kitu kinakuwa kikubwa." Darasa likamuunga mkono.

Kuna binti mama yake anauza samaki pale sokoni ufukweni, akasimama taratibu akasema yeye anaona kitasinyaa, kwa sababu papa akipasuliwa na kusiribwa chumvi anatoa maji mpaka yanachuruzika chini ya meza, na ng'onda ndivyo anavyopatikana. Wakamcheka, kiazi sio samaki bwana. Mwingine akadakia hata kitunguu cha kachumbari ukikifikicha na chumvi kinatoa maji. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu kuliko zote kwenye mradi huu, mdomo unawasha kutaka kueleza.

Kukata kukachukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Visu ni vichache, mimi na mwenzangu wa kemia tumesimama juu yao kama askari, na watoto wanataka vipande viwe sawasawa kwa milimita, mwisho nikawaambia visipolingana sana sio kesi, tutafanya asilimia. Wakapima, wakaandika, wakatumbukiza saa mbili na nusu, tukaviacha mpaka saa nane mchana.

Jumatatu mchana, kesi ikazuka

Hiyo D ilimaliza ubishi kabla hata ya kupima. Kila mtu anataka kukikunja, vicheko, yule wa dawati la nyuma kakikunja chake akakikunja tena, akamgeukia binti wa samaki akasema haya, umeshinda.

Ila kwenye kupima ndio utamu ulipoanza. Makundi karibu yote A zao ziliongezeka kidogo tu, gramu 24 ikawa 25, hapo ni asilimia kama 4, na B zao hazikusogea kabisa. Kundi moja, lile la karibu na mlango, A yao imetoka 24 imefika 27, asilimia 12 na nusu, na B yao nayo imepanda, 25 ikawa 26. Pale pale makelele: "Madam hawa wamechakachua!" Wao wanaapa hawajachakachua. Nyumbani kwangu Jumamosi nilipata kama wao, kwa hiyo nilishajua hawadanganyi, lakini sikusema.

Nikawaambia sawa, tufanye upelelezi. Kila kundi litaje lilichofanya tofauti. Kiazi? Kuna kundi lilishea kiazi kimoja na wale wa mlangoni. Kisu? Kilekile. Muda? Uleule. Kijiko cha chumvi? Kwenye A hakuna kijiko. Kikawa kimya, kisha kabinti kamoja ka kundi lile, ambako mwaka mzima sijawahi kusikia sauti yake, kakasema, "Sisi hatukwenda kwenye tenki, foleni ilikuwa ndefu, tulitumia maji yetu ya kunywa."

Tenki letu linajazwa na kisima. Anayekaa ukanda huu anajua, kisima ukichimba karibu na bahari mara nyingi maji yake yana munyu, sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya ajabu. Mtu wa kwanza kuunganisha alikuwa yule wa dawati la nyuma tena, akasema kwa hiyo Madam A yetu haikuwa A. Ilikuwa B ndogo. Nilitaka kumkumbatia.

Na angalia inavyokaa sawa: kama kisima kina gramu mbili tatu za chumvi kwa lita, B ya makundi ya tenki, ya gramu 6, ikawa kwenye 8 au 9 kwa kweli, karibu na kiwango ambacho kiazi hakiongezeki wala hakipungui (tutakiona kwenye grafu Jumatano), ndio maana haikusogea.

Jumanne

Hawakuridhika na maneno, wanataka kuiona chumvi yenyewe. Mama anayetupikia uji katuazima jiko la mkaa na sufuria mbili, lita mbili za kisima huku na lita mbili za maji ya kunywa kule, zikachemka mpaka zikakauka. Ile ya maji ya kunywa ilibaki na utando mwembamba tu chini, ya kisima ikaacha gaga jeupe limeshika pande zote. Wakakwangua kwa kijiko, mzani ukasema gramu 5. Nikawatahadharisha kwamba sio yote ni chumvi ya kula, humo kuna na chokaa na mengine, na nyingine imebaki imeng'ang'ania kwenye sufuria. Mama wa uji kauliza nani ataisugua.

Halafu swali ambalo sikulipanga kwenye andalio la somo. Bustani ya shule, ile mchicha unaota vizuri masika, kiangazi ncha za majani zinaungua na matuta yanakuwa na weupe juu, na kila mwaka tunasema ni jua. Tunamwagilia maji gani? Ya kisima. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine, kesho kutwa nyingine, mpaka maji ya kwenye udongo yanakuwa na munyu wa kushindana na mizizi, na mmea unanyauka huku udongo umelowa. Masika mvua inaisukuma chini na mchicha unapona. Wameyatoa wenyewe hayo, mimi nilichangia hapo pa mvua tu.

Jumatano, chumvi inaingia au haiingii

Deni la viazi vya kuchemsha lilikuwa bado lipo. Nimeleta vipande vibichi na vilivyochemshwa kidogo visivurugike, vyote kwenye D. Vibichi vikalegea na kupungua uzito kama juzi. Vya kuchemsha vikabaki karibu vilevile, havikunywea. Tofauti ni utando wa seli: kwenye kiazi kibichi uko mzima, unapitisha maji kirahisi na chumvi unaizuia kwa sehemu kubwa sana, moto ukishapita utando umeharibika na chumvi inajipitia. Kwa hiyo mama zao wako sahihi na notsi ziko sahihi, kiazi kinachokolea chumvi ni kiazi kilichokufa.

Kueleza utando nikatumia chandarua, hewa inapita na mbu hapiti. Binti wa samaki akapinga hapohapo, "Lakini hewa inatoka na inaingia, haiendi upande mmoja." Basi hapo ndipo penyewe. Vitabu vyetu vinachora mshale mmoja, maji yanatoka hapa yanakwenda pale, na mtoto anabaki anaamini chumvi inayavuta maji kama yana kamba. Kumbe maji yanapita pande zote mbili muda wote. Upande wenye chumvi nyingi molekyuli za maji zilizo huru kuvuka ni chache kwa kulinganisha, kwa hiyo zinazokwenda huko zinazidi zinazorudi, na huo mzidio ndio tunaoupima kwenye mzani. Zikilingana uzito hausogei, ingawa maji hayajasimama. Nikafuta mshale wangu wa mwaka jana, nikachora miwili, mmoja mnene mmoja mwembamba.

Kisha grafu, chumvi chini, asilimia ya uzito pembeni, tukatumia namba za kundi la mlangoni kwa kuwa ndio wenye A ya kweli. A 12 na nusu juu, B 4 juu, C 4 chini, D 21 chini. Mstari unakata sifuri kwenye kama gramu 9 kwa lita, maana yake humo ndani ya kiazi na huko nje nguvu zinalingana hapo. Nikawaambia na dripu ya chumvi ya hospitali ni gramu 9 kwa lita, imepangwa ilingane na damu, ukimwekea mtu maji matupu kwenye mshipa seli zake nyekundu zinavimba na kupasuka, hazina ukuta mgumu wa kuzishikilia kama seli ya kiazi. Wakashtuka. Ila kiazi na damu kukutana kwenye 9 ni bahati tu, nimewaambia asije mtu akaandika kwenye mtihani kwamba binadamu na kiazi ni ndugu, na najua kuna mmoja ataandika.

Alhamisi, mayai

Haya niliyaanza tangu Jumatatu ofisini, mayai ndani ya siki kwenye chupa za mdomo mpana. Ganda la yai ni kalisiamu kabonati, siki inalila taratibu, vile vipovu vinavyolifunika yai ni kaboni dayoksaidi. Siku ya pili unamwaga siki iliyochoka unatia mpya, unasuuza ule unga mweupe kwa kidole, unabaki na yai halina ganda, lina ngozi tu. Walimu wenzangu wamelalamikia harufu na wana haki.

Ukilishika dirishani unaona kiini kinaelea ndani, mwanga umepita. Linatetema. Watoto themanini wakapanga mstari kulishika kwa viganja viwili na sijawahi kuona darasa limetulia hivyo. Lililokaa usiku kucha kwenye maji ya kunywa limevimba limekaza mpaka ngozi inang'aa, lililokaa kwenye sukari iliyokorogwa nzito limenywea likafanya mikunjo na ule mchanganyiko juu yake umekuwa mwepesi, maana maji ya yai yamehamia huko. Kisha wakaniomba tulihamishie lile lililonywea kwenye maji. Likarudi likanona. Kwangu hiyo ni bora kuliko kiazi, kwa sababu kiazi kikilegea wanadhani kimeoza, yai likirudi hawana la kusema.

Moja limepasuka mikononi mwa mtoto, la maji, limemrukia mpaka kwenye shati. Nawa mikono kwa sabuni wote, na hakuna kuyala, nimesema mara nyingi kwa sababu yupo mmoja aliuliza.

Nikawapa na historia kidogo. Mwaka 1748 Jean-Antoine Nollet, padri wa Ufaransa aliyependa mambo ya fizikia, alifunika chombo cha pombe kali kwa kibofu cha mnyama akakizamisha kwenye maji, kibofu kikatuna kwa maji yaliyokuwa yanaingia. Kibofu kilikuwa cha nguruwe ila niliishia kwenye "mnyama" nikaendelea, kipindi kilikuwa kimebaki dakika kumi na sikutaka mjadala mwingine. Nikaongeza kwamba milango maalumu ya maji kwenye utando wa seli imekuja kutambuliwa miaka ya 1990 tu, na Peter Agre akapewa Nobeli ya kemia kwa hiyo mwaka 2003. Wakauliza hela ni kiasi gani.

Ijumaa

Jaribio fupi, swali moja: mvuvi amekwama baharini, maji ya kunywa yamekwisha, kwa nini asinywe ya bahari? Hakuna kiazi wala yai kwenye swali, makusudi. Wengi wameenda vizuri, wamefika kwamba chumvi inapanda kwenye damu na maji yanatoka kwenye seli. Wachache wamebaki na "chumvi inavuta maji", nimewapa nusu maksi na nimewaandikia pembeni, mishale mingapi? Wanne watano wameniandikia fasili nzima ya kwenye kitabu na hawajamgusa mvuvi. Hao nitakaa nao, nadhani wanaogopa kuandika kitu ambacho hawajaandikiwa.

Jibu la binti wa samaki lilikuwa na swali ndani yake: kama maji ya bahari yanaua mchicha na mvuvi, mikoko inaishije? Sikulijibu ubaoni. Mikoko ipo hapa Kunduchi kutembea kwa mguu, na mchu unatoa chumvi kupitia kwenye majani, ukiangalia jani lake wakati wa jua unaona vichembe vyeupe na ukilamba ni munyu, wakati mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama kama miguu, kazi kubwa unaifanya chini, unaizuia chumvi kwenye mizizi. Nimeandika barua ya ruhusa kwa mkuu wa shule, tunasubiri maji yakipwa asubuhi ya siku ya shule, jedwali la maji kupwa na kujaa baba wa mtoto mmoja mvuvi ameahidi kutusomea.

Yule wa dawati la nyuma kanifuata mpaka mlango wa ofisi. Jirani yao ana duka la kuchuja maji, ana mashine, anaingiza ya kisima anatoa matamu, sasa Madam maji yanakubalije kutoka kwenye chumvi kwenda pasipo na chumvi, si kinyume? Nikamwambia ndiyo ni kinyume, ndio maana ile mashine ina pampu inayonguruma vile, unayasukuma kwa nguvu kupita ile nguvu ya osmosisi, na kwa maji ya bahari inabidi usukume kwa zaidi ya ba 50, na ba moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Kaniuliza je yale yanayobaki, yenye chumvi yote, jirani anayamwaga wapi. Wiki ijayo anakwenda kumuuliza, na kachukua chupa mbili tupu za nusu lita kwenye boksi langu, moja ya maji yanayoingia na moja ya yanayomwagwa.